Kitanda Usichokilalia: Sauti ya Mwanamke katika Masimulizi ya Uraibu na Uponaji

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii aghalabu hutolewa kama onyo kwa msemaji ajitiaye kuyajua ya wenzake. Kwa mhakiki wa fasihi, hata hivyo, methali hii inaibua swali la kifani linalostahili kuchunguzwa kwa makini: ni nani asimuliaye usiku uliolalwa katika kitanda hicho, na anasimulia kwa kinywa cha nani? Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo katika utanzu ambao wahakiki wa Kiswahili hawajaushughulikia vya kutosha, yaani masimulizi ya mtu aliyetekwa na kilevi kisha akapona, au akashindwa kupona. Mtazamo utakaotumika ni wa kifeministi, na lengo ni kuonyesha kwamba umbo la masimulizi hayo, kama linavyojulikana leo duniani, lilichongwa kutokana na maisha ya mwanamume, na kwamba mwanamke aliyeingizwa humo baadaye alilazimika ama kujikunja ili aenee, ama kulivunja.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili hawezi kuliona suala hili kuwa geni. Katika Rosa Mistika (1971), riwaya ya Euphrase Kezilahabi, mlevi anayekumbukwa ni Zakaria, babake Rosa. Ulevi wake una historia, una sababu na una sauti. Unatikisa nyumba nzima, na mzigo wake unabebwa na mkewe Regina pamoja na mabinti zake. Mlevi mwanamume, kwa ufupi, ni mhusika. Mlevi mwanamke, kwa upande wake, amekuwa mara nyingi mandhari tu: mwanamke wa baa anayeketi pembeni mwa tukio, ambaye glasi yake ni ishara ya kuoza kwa mji. Msomaji haambiwi alianza lini wala anakunywa kwa nini. Yamtosha kujua kwamba yupo baa. Mwanamume hulewa akahuzunikiwa, ilhali mwanamke hulewa akahukumiwa. Tofauti hii haitokani na maadili pekee. Ni tofauti ya usimulizi, na chimbuko lake laweza kutazamwa vizuri katika matini moja ambayo imesambaa kuliko riwaya yoyote juu ya ulevi.

Kitabu cha 1939 na Sauti ya Kuazima

Chama cha Alcoholics Anonymous kilianzishwa mwaka wa 1935 mjini Akron, jimbo la Ohio, Marekani, na watu wawili waliokuwa wametaabishwa na pombe: Bill Wilson, mfanyabiashara wa hisa kutoka New York, na Dkt. Robert Smith, daktari wa upasuaji. Mnamo Aprili 1939 chama hicho kilichapisha kitabu kilichobeba jina lake, ambamo hatua kumi na mbili za kupona ziliandikwa kwa mara ya kwanza. Chapa ya kwanza ilitangaza kwenye ukurasa wake wa jina kwamba hii ni habari ya namna wanaume zaidi ya mia moja walivyopona ulevi. Tangazo hilo halikuwa sahihi, kwa kuwa miongoni mwa waliosimulia visa vyao humo alikuwamo mwanamke mmoja mlevi. Kisa chake hakikurudi katika chapa ya pili ya 1955. Baadaye maneno ya ukurasa wa jina yalibadilishwa yakawataja wanaume na wanawake.

Kwa mhakiki, hata hivyo, sehemu inayotoa siri ya matini ni sura ya nane, iliyoelekezwa kwa wake wa walevi. Sura hiyo inasimuliwa kwa nafsi ya kwanza wingi: wasemaji ni wake, wanazungumza na wake wenzao, wanasimulia aibu, upweke, madeni na vitisho walivyovipitia. Wanagawa waume walevi katika mafungu manne kwa kadiri ya ulevi wao. Wanashauri subira, wanaonya dhidi ya hasira, na wanawaandaa wake kwa jambo chungu zaidi, yaani kwamba mume akishapona atakuwa akitumia jioni zake pamoja na walevi wenzake, wala mke asione wivu. Ni sura yenye huruma, na yamkini iliwafaa wengi. Lakini haikuandikwa na mke yeyote. Aliyeiandika ni Bill Wilson mwenyewe.

Mkewe, Lois Wilson, alikuwapo. Ndiye aliyeajiriwa katika maduka makubwa ya New York ili kuikimu nyumba katika miaka ambayo mumewe hakuweza kufanya kazi. Alidhani kwamba sura hiyo ingekuwa yake, naye alikuja kukiri miaka ya baadaye kwamba kunyimwa kuiandika kulimuumiza. Sababu aliyopewa ilikuwa ya kifani: ilitakiwa mtindo wa kitabu uwe mmoja. Hoja ya umoja wa mtindo ni hoja ya kihakiki, na kwa hiyo inastahili jibu la kihakiki.

Jibu la haraka lingekuwa kwamba mwanamume hana haki kamwe ya kusema kwa sauti ya mwanamke. Jibu hilo halifai, na fasihi ya Kiswahili yenyewe inalikanusha. Katika taarabu, washairi wanaume wamewatungia waimbaji wanawake kwa vizazi, na wasikilizaji hawajaona kasoro. Kezilahabi aliingia moyoni mwa Rosa bila kuomba ruhusa. Fasihi huishi kwa kuazima nafsi, na mwandishi asiyeweza kuazima ataandika tawasifu tu hadi kaburini. Kosa haliko katika kuazima. Kosa ni kuazima huku mwenye mali amesimama mlangoni akiomba kuitumia mwenyewe, kisha kumwambia kwamba matumizi yake yangeharibu mpangilio. Sura ya nane inamfanya mke aseme kwa kinywa kisicho chake kwamba hasira haimfai. Swali ambalo matini haiwezi kuliuliza ni hili: je, mke mwenyewe angalisema hivyo? Lois, kwa mujibu wa kukiri kwake, alikuwa na hasira. Umoja wa mtindo ulipatikana kwa kuifuta hasira hiyo.

Ni kweli kwamba chama hakikubaki pale pale. Mwaka wa 1951 Lois Wilson na mwenzake walianzisha Al-Anon, chama cha jamaa za walevi, ambamo wake walipata hatimaye kikao chao wenyewe. Marty Mann, aliyepewa mswada wa kitabu na tabibu wake Harry Tiebout mnamo 1939 akaupinga kwanza kwa sababu ya kutajwatajwa kwa Mungu, alipata kupona, na mwaka wa 1944 akaanzisha kamati ya kitaifa ya kuielimisha Marekani kwamba ulevi ni maradhi. Kisa chake kiliingizwa katika chapa ya 1955. Hata hivyo sura ya nane haikuondolewa. Katika chapa ya nne ya 2001 bado ipo, ikiwa imeongezewa tanbihi inayoeleza kwamba iliandikwa wakati ambapo wanawake walikuwa wachache chamani.

Riwaya ya Mwaka Ule Ule

Mwaka huo huo wa 1939, jijini London, ilichapishwa riwaya ya Jean Rhys, mwandishi mzaliwa wa kisiwa cha Dominica, iitwayo Good Morning, Midnight. Hakuna ushahidi kwamba kitabu kimoja kilikijua kingine. Kuviweka pamoja, hata hivyo, kunaonyesha kile ambacho kila kimoja, kikiwa peke yake, hakionyeshi.

Msimulizi wa Rhys ni Sasha Jansen, mwanamke wa makamo anayerudi Paris kwa muda mfupi. Anaishi kwa urithi mdogo unaompatia pauni mbili na nusu kwa juma, na zamani aliwahi kuazimia kunywa hadi afe. Hajifichi wala hajitetei. Anapanga siku yake kwa uangalifu wa mgonjwa: mkahawa upi aingie, upi auepuke kwa kuwa aliwahi kulia humo, wapi wahudumu hawatamtazama sana. Polepole msomaji anafahamishwa yaliyo nyuma ya glasi: ndoa na mume aliyeondoka, kazi alizofukuzwa, na mtoto mchanga aliyefariki katika nyumba ya uzazi. Huko mkunga alimfunga Sasha mwili mzima kwa bendeji ili uzazi usimwachie alama. Bendeji zilipofunguliwa hapakuwa na alama yoyote, wala hapakuwa na mtoto.

Taswira hiyo ya bendeji ndiyo ufunguo wa riwaya. Mwili wa mwanamke unatakiwa upitie maafa kisha urudi ukiwa laini, kana kwamba hakuna kilichotokea. Pombe ya Sasha ni bendeji nyingine: inafunika, inabana, inazuia alama isionekane. Kitabu cha Akron kingemtaka Sasha akiri kwamba ameshindwa na pombe na kwamba hana nguvu. Lakini Sasha hajawahi kudai kuwa na nguvu. Kukiri kushindwa ndiko amekofundishwa na waajiri, wenye hoteli na wanaume tangu ukurasa wa kwanza. Hatua ya kwanza ya Akron ingemkuta ameshaifika, naye haikumponya.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja ya makala haya. Masimulizi ya kupona yaliyoasisiwa 1939 yana msuko unaofahamika: mtu alikuwa na kiburi, kiburi kikamwangusha, akaanguka hadi chini kabisa, akasalimu amri, akainuliwa. Ni msuko wa kale, wenye asili katika shuhuda za waongofu wa Kikristo, na una uzuri wake. Lakini unamhitaji mhusika aanzie juu. Unamfaa mfanyabiashara wa hisa na daktari wa upasuaji, watu waliokuwa na ofisi, jina na mke wa kuwangoja. Sasha anaanzia chini. Mhusika asiye na kiburi cha kuvunjwa anapowekwa katika msuko wa kuvunja kiburi, kinachovunjwa ni kile kidogo kilichosalia. Rhys hakumpa Sasha uponaji. Mwishoni mwa riwaya Sasha anampokea kitandani mwanamume wa chumba jirani ambaye amemwogopa na kumchukia tangu mwanzo. Wahakiki wamegawanyika, baadhi wakiona hapo huruma na wengine kifo. Lililo bayana ni kwamba hakuna umbo la uponaji lililokuwapo mwaka ule ambalo Rhys angeweza kulitumia bila kudanganya.

Majibu ya Wanafeministi

Aliyeitoa hoja hii kwa lugha ya wazi, na kuijengea chama, ni Jean Kirkpatrick, mwanasosholojia wa Pennsylvania aliyekuwa mlevi mwenyewe na aliyekuwa amepitia chama cha Akron. Mwaka wa 1975 alianzisha Women for Sobriety, akishikilia kwamba wanawake wengi hunywa kwa sababu ya kujidharau na kujilaumu, na kwamba dawa ya kujidharau haiwezi kuwa kunyenyekea zaidi. Badala ya hatua kumi na mbili aliandika kauli kumi na tatu, ambazo msisitizo wake ni uwezo wa mwanamke kuyatawala mawazo yake na thamani yake mwenyewe. Kifani, Kirkpatrick aliubadilisha wakati wa kitenzi. Hatua za 1939 zinasimulia kwa wakati uliopita yale ambayo kundi limekwisha kuyatenda. Kauli zake zinasemwa kwa wakati uliopo, na msemaji ni nafsi moja ya kike. Kutoka ushuhuda wa kundi la wanaume mtu anafika kwenye tamko la mwanamke mmoja.

Charlotte Davis Kasl naye, katika kitabu chake cha 1992, alipendekeza hatua kumi na sita zinazoyahusisha maumivu ya mtu binafsi na mfumo wa kijamii unaoyazaa: taasubi ya kiume, ubaguzi wa rangi, umaskini. Mwaka uliofuata bell hooks alichapisha Sisters of the Yam, kitabu kilichotokana na vikundi vya wanafunzi wanawake Weusi aliokuwa akiwafundisha. Jina la kikundi chao lilitoka katika riwaya ya Toni Cade Bambara, The Salt Eaters (1980), ambayo inaanza kwa mganga mwanamke kumuuliza mgonjwa wake kama kweli ana hakika kwamba anataka kupona. Kwa hooks, uraibu wa mwanamke Mweusi hauwezi kutenganishwa na historia ya kunyanyaswa kwake, na kupona peke yako, bila dada zako, ni kupona nusu.

Ingekuwa rahisi kuufunga mjadala hapa na kuutangaza ushindi. Uhakiki wa kifeministi hauna budi, hata hivyo, kujihakiki. Kwanza, wako wanawake waliolipokea umbo la 1939 likawafaa. Caroline Knapp, mwandishi wa Boston, katika kumbukumbu zake za 1996 alisimulia ulevi wake kama kisa cha mapenzi: pombe ndiye mpenzi, na kupona ni kuachana naye. Knapp alikuwa msomi, mwenye kazi na nidhamu. Ulevi wake haukuonekana na waajiri wake. Katika vikao vya chama kile kile cha Akron alipata watu ambao mbele yao hakulazimika kujifanya mkamilifu. Kwa mwanamke aliyefunzwa kuonyesha uso usio na alama, kukiri kwamba ameshindwa kwaweza kuwa mara ya kwanza kusema kweli. Bendeji inafunguliwa. Marty Mann angalikubaliana naye. Kwa hiyo si sahihi kudai kwamba kusalimu amri humnyamazisha mwanamke daima. Inategemea alikuwa akificha nini, na ni nani aliyemlazimisha kukificha.

Pili, Elayne Rapping, katika kitabu cha 1996 juu ya utamaduni wa kupona, aliwakumbusha wanafeministi jambo ambalo wengi wangependa kulisahau. Vikundi vya kupona vilivyoenea Marekani baada ya miaka ya 1970 viliazima umbo la vikao vya kuzinduana vya wanawake: duara la viti, kila mmoja akisema ya moyoni, hakuna wa kumkatiza. Lakini kikao cha kuzinduana kilianzia kwenye maumivu ya mmoja kikafika kwenye siasa ya wote. Kikao cha kupona kilianzia pale pale kikarudi kwenye nafsi. Mwanamke akatoka akijua kwamba ni mgonjwa, bila kuuliza ni nani aliyenufaika na ugonjwa wake. Onyo hili linawahusu Kirkpatrick na wafuasi wake pia, kwa kuwa mwanamke anayejikumbusha thamani yake kila asubuhi huku kodi ya nyumba haijalipwa hajapewa jibu kamili.

Pwani: Kuacha na Kuachwa

Masimulizi haya yamesafiri. Heroini iliingia katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki ikapewa majina ya nyumbani: unga, kete. Mtumiaji akaitwa teja, na mateso ya kuikosa yakaitwa arosto. Mjini Malindi jitihada za kuwasaidia watumiaji zilianza katikati ya miaka ya 1990. Zanzibar, kuanzia mwishoni mwa muongo wa 2000, zilianzishwa nyumba za kuwapokea wanaoacha, maarufu kama soba, ambazo zinafuata hatua kumi na mbili zilizotokana na kitabu cha Akron. Dawa ya methadoni ilianza kutolewa Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka wa 2011, na Kenya ikafuata mwishoni mwa 2014. Katika huduma hizi zote wanawake wamekuwa wachache kuliko wanaume. Uchache huo hauna budi kusomwa kwa uangalifu. Mwanamume teja hukaa maskani, barazani, kichochoroni, anaonekana. Mwanamke hujificha, kwa kuwa jina la teja likimwangukia, jina la malaya hufuata nyuma yake bila kuuliza ushahidi.

Uandishi wa kitaaluma juu ya wanawake hawa nao una matatizo yale yale ya sauti. Mwaka wa 2005 Sheryl McCurdy na wenzake waliripoti kutoka Dar es Salaam desturi miongoni mwa wanawake waliokuwa wakijidunga: aliyepata dawa alivuta damu yake ndani ya sindano, kisha akampa mwenzake aliyekosa fedha ajidunge damu hiyo ili kupunguza arosto. Kwa jicho la tabibu hiyo ni njia ya hakika ya kusambaza virusi vya ukimwi, na tabibu hakosei. Kwa jicho la mhakiki wa masimulizi, tendo hilo ni pia usemi. Wanawake ambao jamii imewakatia udugu wameunda udugu wa mwisho uliobaki mikononi mwao, na sarafu yake ni damu. Anayelisoma tendo hilo kama ujinga tu hajalisoma. Anayelisifu kama mshikamano amesahau kwamba linaua.

Mwaka huo huo, Susan Beckerleg na Gillian Lewando Hundt, wakiandika kutokana na utafiti juu ya wanawake watumiaji wa heroini, walihoji mipaka ya mkabala unaomtazama mwanamke kama mhasiriwa tu wa muundo wa jamii. Hoja yao inamgusa mhakiki wa kifeministi mahali panapouma. Kuna hatari kwamba, katika kumwondolea mwanamke lawama, uhakiki humwondolea pia utendaji. Mlevi mwanamke wa zamani alikuwa mandhari ya dhambi. Asigeuzwe leo kuwa mandhari ya dhuluma.

Hapa lugha ya Kiswahili yenyewe inatoa msaada ambao nadharia za Marekani hazingeweza kuutoa. Katika sarufi ya ndoa ya Kiswahili, mume huoa na mke huolewa. Mume huacha na mke huachwa. Mwanamke ni mtendwa wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Kitenzi kuacha, katika maana ya ndoa, kina kiima cha kiume. Lakini kitenzi kile kile ndicho kinachotumika kwa uraibu: fulani ameacha pombe, fulani ameacha unga. Mwanamke anaposimama katika kikao na kusema kwamba ameacha, anakalia nafasi ya kisarufi ambayo ndoa ilimnyima. Ndiye mtendaji, na kinachoachwa ni kile kilichommiliki. Yamkini baadhi ya wasemaji wameachwa kweli na waume kwa sababu ya unga huo huo. Kwao sentensi moja inaujibu mwaka mzima wa kudhalilishwa.

Mtu aweza kupinga kwamba mafundisho ya hatua kumi na mbili hayamruhusu mtu kusema ameacha, kwa kuwa mraibu anahesabiwa kuwa mraibu hadi mwisho na huacha siku kwa siku. Pingamizi hilo ni zito. Lakini tofauti iliyopo hapo ni ya wakati wa kitenzi tu, kati ya ameacha na anaacha. Kauli ya kutenda inabaki. Katika Kiingereza cha Akron mkazo uliangukia kukosa nguvu. Katika Kiswahili cha pwani, mafundisho yale yale yanapita katika kitenzi ambacho hakiwezi kutamkwa na mtu asiye na nguvu. Msemaji hakuhitaji kumsoma Kirkpatrick. Lugha ilimtangulia.

Kikwazo cha pwani kiko kwingine. Kiko katika sitara. Mwanamke wa pwani hufunzwa na somo wake kwamba ya nyumbani hayatoki nje, na kwamba heshima ya jamaa nzima imefungwa katika pindo la buibui lake. Kikao cha ushuhuda kinamtaka afanye kinyume. Mafunzo hayo ya sitara yana historia ya kifasihi. Mwana Kupona binti Msham, aliyetunga utendi wake maarufu mnamo 1858 akiwa mgonjwa, alimwandikia binti yake mafunzo juu ya wajibu wa mke kwa mume, kisha akamwomba Mungu amponye. Kwa miaka mingi utendi huo ulisomwa kama hati ya utiifu. Ann Biersteker, katika makala ya 1991, alionyesha kwamba unaweza kusomwa kinyume, kama matini inayolificha jembe chini ya majani. Bila kuuamua mjadala huo, jambo moja la kifani halina ubishi: hapa mwanamke mgonjwa anamwandikia mwanamke mwingine, kwa kinywa chake mwenyewe. Miaka themanini na mmoja kabla ya sura ya nane ya Akron, pwani ilikuwa na matini ambamo mke anaongea na mke bila mume kushika kalamu. Aidha, sitara haikumzuia mtunzi kusema. Ilimchagulia wa kumwambia.

Kutokana na hilo, haifuati kwamba uponaji wa mwanamke wa pwani ni lazima upitie ushuhuda wa hadhara. Umbo la waraka wa siri, la wosia, la mazungumzo ya somo na mwari, linaweza kubeba kisa cha uraibu bila kumvua msimulizi nguo mbele ya mtaa. Wahenga walisema pia kwamba mficha maradhi, kilio kitamfichua. Methali hiyo inakataza kuficha maradhi, lakini haiagizi yatangazwe sokoni. Kati ya kuficha na kutangaza kuna kumwambia mtu mmoja anayestahili, na fasihi ya wanawake wa Kiswahili imeifanya kazi hiyo kwa ustadi tangu kale.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba masimulizi ya uraibu na uponaji si chombo kitupu ambamo maisha yoyote yaweza kumiminwa. Umbo la 1939 lilizaliwa na mwanamume mwenye kiburi cha kuvunjwa na mke wa kumngoja, na hata sauti ya mke huyo ikaandikwa na mume. Rhys alionyesha mwaka ule ule kile ambacho umbo hilo halikuweza kukibeba. Kirkpatrick, Kasl na hooks wakalivunja, kila mmoja kwa namna yake. Knapp akalikubali na likamfaa. Pwani ya Afrika Mashariki imelipokea, na lugha yake imeligeuza kimyakimya pahali ambapo wapokezi wenyewe pengine hawakupatazama.

Kwa watafiti, na hasa wanafunzi wa uzamili ambao watakwenda Malindi, Mombasa, Lamu au Zanzibar na vinasa sauti vyao kukusanya visa vya wanawake walioacha, somo la sura ya nane ni la kiutendaji. Bill Wilson hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mkewe, alijua mateso aliyomsababishia, na aliamini kwamba angeweza kuyaandika vizuri kuliko yeye. Mtafiti anayerudi chuoni na ushuhuda wa mwanamke, akausahihisha ili uafikiane na mtindo wa tasnifu, akaifuta hasira kwa kuwa inavuruga mpangilio, akayaondoa maneno teja na arosto akaweka istilahi, anafanya kwa nia njema jambo lile lile. Lois Wilson alikuwapo wakati sura ile ikiandikwa. Kosa halikuhitaji umbali wowote.

Uhakiki wa kifeministi wa utanzu huu, basi, uanze kwa kuuliza swali lisilo na fahari: hapa anayesema ni nani, na mwenye kisa alikuwa wapi kalamu ilipokuwa ikitembea? Likishajibiwa, mjadala wa nadharia utapata pa kusimama. Lisipojibiwa, wasomi watazidi kuandika juu ya kunguni wa kitanda ambacho mwenyewe bado hajaulizwa alilalaje.